Mkutano wa Asubuhi: Haitoshi Kuulizana "Mko Wazima?"

Wengi wetu tunaoishi kwenye miteremko ya Kilimanjaro tuna mtoto, ndugu au jirani anayefanya kazi mlimani. Machame wapo, Marangu wapo, Kibosho, Uru na Rombo pia wapo. Wengine ni viongozi wa wageni. Wengine ni wapishi. Walio wengi ni wapagazi, ambao wenyewe huitana wagumu. Mgumu ndiye anayebeba hema, chakula, mtungi wa gesi na begi la mgeni. Bila mgumu, mgeni hafiki mbali.

Katika makala hii tutazungumza juu ya jambo linaloonekana dogo. Ni mkutano mfupi ambao kundi la mlimani hufanya asubuhi kabla ya kuondoka kambini. Watu hawakai chini. Husimama, husemezana, halafu kila mtu hushika mzigo wake. Sisi tumeona kwa macho yetu kwamba mkutano huo ukiendeshwa vibaya, mtu anaweza kufa. Ukiendeshwa vizuri, watu wote hurudi nyumbani.

Hata kama wewe huendi mlimani, usiache kusoma. Mafundi wa ujenzi, wachumaji wa kahawa, watu wa mfongo na akina mama wa kikundi, wote wana siku za kukutana asubuhi kabla ya kazi. Ubaya wa mkutano huo ni ule ule, na dawa yake ni ile ile.

MKUTANO WA KUSIMAMA NI NINI?

Mkutano huu una alama tatu. Kwanza, ni wa kila siku ya kazi. Pili, ni mfupi. Tatu, watu wanasimama. Kwa nini wasimame? Kwa sababu mtu akikaa kwenye kiti husahau saa. Akisimama, miguu yake mwenyewe humkumbusha kwamba maneno yametosha.

Haja yake ni moja tu: watu wanaofanya kazi pamoja wajue leo wanafanya nini, na ni kitu gani kitawazuia. Mambo ya mshahara, ya uchaguzi na ya kugombana yana mikutano yake mengine.

Mkutano kama huu uko katika nchi nyingi. Huko Japani wafanyakazi wa viwanda na ofisi nyingi hukutana asubuhi kabla ya kazi. Huko Marekani, mafundi wawili wa programu za kompyuta, Ken Schwaber na Jeff Sutherland, walieleza mwaka 1995 namna yao ya kufanya kazi kwa makundi. Katika namna hiyo kundi hukutana kila siku kwa muda usiozidi dakika 15. Kwa miaka mingi kila mtu alijibu maswali matatu: Jana ulifanya nini? Leo utafanya nini? Kitu gani kinakuzuia?

Sasa sikilizeni. Mwongozo wao ulipoandikwa upya mwaka 2020, maswali hayo matatu yaliondolewa. Kila kundi liliachiwa lichague namna yake ya kuzungumza, ili mradi mwisho wa mkutano watu wawe na mpango wa kazi ya siku. Sisi tunajifunza hapo kwamba maswali yenyewe si dawa. Mtu anaweza kuyajibu yote kama kasuku, na kazi isisogee.

JAMBO LILILOTUFUNDISHA

Mwezi Februari 2023 tulipanda mlima pamoja na kundi la watu 24 waliokuwa wakihudumia wageni. Kiongozi wa kundi ndiye aliyetuomba. Alituambia hivi: "Wazee wangu, mimi kila siku nafanya mkutano asubuhi, lakini naona haunisaidii. Matatizo nayakuta njiani. Hebu njooni mniambie nakosea wapi."

Tukamjibu, "Vema. Lakini safari hii hatutasema neno. Tutasimama na kusikiliza tu."

Tulipita njia ya Machame. Njia hiyo huanzia getini, katika msitu. Usiku wa kwanza watu hulala kambi ya Machame, kisha Shira, kisha Barranco, kisha Karanga, kisha Barafu. Barafu iko juu zaidi ya mita 4,600. Kutoka hapo wageni huondoka usiku kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895.

Kila asubuhi mkutano ulikuwa hivi. Wagumu walikuwa wamekwisha funga mizigo. Kiongozi alipanda juu ya jiwe.

"Habari za asubuhi, wagumu!"

"Nzuri!"

"Mko wazima?"

"Wazima!"

"Kuna tatizo?"

"Hakuna!"

Basi, kiongozi akaanza kueleza. Leo tunakwenda kambi fulani. Mahema yasimame kabla wageni hawajafika. Takataka zisitupwe njiani. Mwisho akauliza, "Tumeelewana?" Wote wakajibu, "Tumeelewana!" Wakaondoka.

Sisi tulikuwa na saa na daftari. Tuliandika kwamba mkutano ulichukua dakika 9. Kiongozi peke yake alisema kwa dakika 8 na zaidi. Watu wengine 23 walisema maneno manne: nzuri, wazima, hakuna, tumeelewana. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu vile vile. Asubuhi ya Karanga vile vile.

Jioni yake, tulipofika Barafu, mpishi alikuja mbio. Kijana mmoja, mwenye miaka kama 20, alikuwa anatapika hemani. Alipoinuliwa aliyumba kama mlevi, na pombe hakuonja. Alipoulizwa yuko kambi gani, alijibu mambo mengine kabisa.

Kiongozi alitambua mara moja. Huko juu hewa ni nyepesi. Kileleni ni karibu nusu tu ya hewa tunayovuta pwani. Mtu akianza kuyumba na kuchanganyikiwa, ubongo unavimba. Hapo hakuna kusubiri asubuhi. Dawa kubwa ni moja: kushuka, na kushuka upesi.

Wenzake wanne walimchukua usiku ule ule. Walimteremsha mpaka kambi ya Millennium, na kulipopambazuka wakaendelea naye kushuka upande wa Mweka. Tulipata habari baadaye kwamba alipofika chini alitembea vizuri na kuomba chai. Tulimshukuru Mungu.

Lakini usiku ule wa Barafu sisi hatukulala. Tuliuliza mtu mmoja mmoja. Mwenzake wa hema alisema, "Kichwa kilimuuma tangu Barranco. Usiku alikuwa anageuka tu." Mpishi alisema, "Pale Karanga ugali wake ulirudi karibu wote." Mgumu mwingine alisema, "Mimi nilimsaidia mzigo kwenye ule ukuta wa Barranco. Alikuwa hana nguvu."

Ndugu wasomaji, watu watatu walijua. Kiongozi hakujua. Na wote wanne walisimama pamoja asubuhi ile pale Karanga, wakaulizwa kama kuna tatizo, wakajibu kwa sauti moja, "Hakuna!"

KOSA LILIKUWA WAPI?

Wengine watasema kosa ni la kijana. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli. Lakini sisi tulikwenda kumwona kijana huyo nyumbani, tukamwuliza kwa nini alinyamaza. Alituambia:

"Shikamooni wazee. Ningesema, ningeshushwa. Nikishushwa, siku zangu zinakatwa. Safari ijayo anaitwa mwingine. Na nyumbani kuna mdogo wangu anataka sare na madaftari. Ninyi mngefanyaje?"

Hatukuwa na jibu. Kijana huyo hakuwa mjinga. Alipiga hesabu, na hesabu yake ilimwambia anyamaze.

Tulirudi kwenye daftari letu tukaona makosa manne katika mkutano.

Kosa la kwanza, maneno yalikwenda upande mmoja. Yalitoka juu ya jiwe kushuka chini. Hayakuwapo maneno ya kupanda.

Kosa la pili, swali lenyewe. Ukiwauliza watu 23 kwa pamoja, "Kuna tatizo?", umekwisha wapa jibu. Nani atapaza sauti peke yake kusema "Mimi ninalo"? Hata shuleni tulikuwa tukijibu "Ndiyo mwalimu", kumbe hatukuelewa kitu.

Kosa la tatu, wakati. Mizigo ilikuwa imekwisha fungwa. Vidole vilikuwa na baridi. Kila mtu alitaka kutembea apate joto. Mtu akisema neno wakati huo, wenzake humwona anawachelewesha.

Kosa la nne, na hili ndilo baba wa makosa yote, ni woga. Aliyesema ukweli alipata hasara. Aliyenyamaza alipata siku yake. Mkutano wa namna hiyo hufundisha watu kunyamaza.

TULIVYOLISAIDIA KUNDI

Mwanzo wa Juni mwaka ule ule tulipanda tena na kundi lile lile. Mvua zilikuwa hazijaisha vizuri. Safari hii tulikuwa na ruhusa ya kusema. Haya ndiyo tuliyofanya pamoja nao. Yaangalieni kwa utaratibu.

1. Tulianza na woga, tena huku chini.

Kabla ya safari, kiongozi alikwenda kuzungumza na mwenye kampuni mjini Moshi. Hakwenda kugombana. Alimweleza gharama ya kumteremsha mgonjwa usiku, na aibu ya kampuni kama mtu angekufa. Wakakubaliana mambo mawili. Mgumu akiugua akashushwa, atalipwa siku zake za safari. Na jina lake litabaki kwenye orodha ya safari ijayo.

Makubaliano hayo yaliandikwa kwenye karatasi. Yalisomwa mbele ya wote. Halafu karatasi ikapita mkono kwa mkono, kila mtu akasoma mwenyewe. Hapo ndipo tulipoona tena faida ya kujua kusoma. Neno la mdomo hupotea. Karatasi unaishika.

Kama jambo hili haliwezekani, mambo mengine yote hayatafaa kitu. Huwezi kumwambia mtu aseme ukweli, halafu ukamkata mshahara kwa sababu amesema.

2. Tulibadili wakati.

Mkutano ulifanywa baada ya chai na kabla ya kufunga mizigo. Mtu akiwa na kikombe cha moto mkononi, hana haraka. Na kama mzigo unahitaji kugawanywa upya, bado haujafungwa.

3. Tuliondoa jiwe.

Watu walisimama kwa duara. Kiongozi alisimama ndani ya duara kama mwenzao. Katika duara kila mtu huona uso wa kila mtu. Uso wa mgonjwa husema kabla ya mdomo wake.

Lakini hapa tulikosea, na ni vizuri tuseme. Asubuhi ya kwanza tulitaka kila mtu katika wale 24 azungumze. Mkutano ukafika karibu nusu saa. Watu wakaanza kupiga miayo. Mgumu mmoja akasema kwa sauti, "Mangi, tukimaliza mkutano huu mgeni atakuwa amekwisha rudi Ulaya!" Wote wakacheka, na sisi tukacheka. Alikuwa amesema kweli.

Siku ya pili tukagawana kwa mahema. Makundi yalikuwa manne, kila moja watu sita. Kila kundi lilizungumza peke yake kwa dakika tano. Kisha wasemaji wanne walikutana na kiongozi kwa dakika tano nyingine. Mkutano wote ukawa dakika 10. Watu sita wanaweza kusikilizana. Watu 24 wanaweza kuitikia tu.

4. Tulibadili maswali.

Tuliacha kuuliza, "Kuna tatizo?" Tulichagua maswali ambayo mtu hawezi kuyajibu kwa kuitikia tu. Yalikuwa matatu:

Umelalaje, na umekula kiasi gani?

Mzigo wako wa leo una kitu gani kibaya?

Nani kati yetu anahitaji kusaidiwa leo?

Swali la tatu ndilo lililofanya kazi kubwa. Kwani kijana anaweza kuona aibu kujitaja. Lakini mwenzake wa hema anaweza kusema, "Huyu ndugu yetu hakulala. Tumwangalie." Hilo si kumsema vibaya mwenzako. Ni kumlinda.

5. Mdogo alitangulia, mkubwa alimaliza.

Mkubwa akitangulia kusema, wadogo husema kama yeye. Kwa hiyo mgumu mgeni kabisa katika kundi alizungumza kwanza. Kiongozi alizungumza mwisho. Kwanza alipata taabu. Asubuhi moja alijisahau, akapanda jiwe lake. Wagumu wakamwita, "Kiongozi, teremka!" Akateremka huku akicheka.

6. Kila neno lilipata mwenyewe.

Jambo likitajwa, linaulizwa: nani atalishughulikia, na lini? Ikiwa lina maneno mengi, watu wawili au watatu hubaki wakalizungumza, wengine wanaendelea na kazi. Na kesho yake mkutano huanza na jambo lile: limekwisha au bado? Watu wakiona waliyosema jana hayakufanyiwa kitu, kesho watanyamaza tena.

MAMBO YALIYOTOKEA

Basi, midomo ilipofunguka, tulisikia mambo ambayo hatukuyategemea.

Pale Shira, dada mmoja mgumu alisema, "Mzigo wangu ulipimwa getini kilo 20. Lakini usiku mvua imenyesha, na hema limelowa. Leo ni kilo ngapi?" Tukatazamana. Ni kweli, mizani ya getini hupima mzigo mkavu. Kanuni inasema mzigo wa kampuni usizidi kilo 20 kwa mgumu mmoja, mbali na vitu vyake mwenyewe. Lakini hema likinywa maji, uzito hupanda na hakuna mizani ya kukusemea. Siku hiyo vitu vidogo vya mzigo wake viligawanywa kwa wenzake wawili ambao chakula walichobeba kilikuwa kimepungua. Haikuchukua hata dakika tatu.

Pale Karanga, msemaji wa hema la pili aliuliza habari ya maji. Wanaoijua njia hiyo wanajua kwamba Barafu hakuna maji. Maji ya mwisho ni ya bonde la Karanga, na hubebwa kwenye madumu. Safari ya Februari vijana wawili walirudi bondeni mara ya pili, wakafika Barafu usiku wakiwa hoi. Safari hii ilihesabiwa asubuhi: madumu mangapi, nani anabeba, nani anampokea njiani. Walifika jua bado liko juu.

Kijana mwingine alisema viatu vyake vimepasuka nyayo. Zamani angetembea hivyo hivyo. Mwenzake alikuwa na jozi ya pili. Kumbe jozi ile ilikuwa begini tangu getini, na aliyeihitaji alikuwa hema la jirani! Wagumu wengine hawana nguo wala viatu vya baridi hata kabla ya kuondoka nyumbani. Hao wajue kwamba mjini Moshi shirika la KPAP, lililoanza mwaka 2003, limekuwa likiwaazima wagumu nguo za mlimani bila malipo. Hilo nalo ni neno la kuuliza kabla ya safari, siyo pale Shira.

Jambo kubwa lilitokea Barranco. Mgumu mmoja wa miaka mingi, mtu anayeheshimiwa na kundi zima, alisema taratibu, "Mimi leo kifua changu si kizuri. Nakohoa. Na nikikaa tu bila kazi, pumzi hainitoshi."

Kukawa kimya. Kukosa pumzi hata mtu akiwa amepumzika ni dalili ya maji kuingia mapafuni. Ugonjwa huo huua kama ule wa ubongo. Kiongozi hakumwuliza kwa nini hakusema jana. Alimwambia mbele ya wote, "Asante kwa kusema, kaka. Unashuka sasa hivi, na watu wawili wanakusindikiza." Alishuka asubuhi ile akiwa bado ana miguu ya kutembea. Hakuhitaji machela. Hakuhitaji watu wanne wa usiku.

Siku ya malipo mjini Moshi alikuwapo, amepona. Akahesabiwa pesa zake kama karatasi ilivyosema. Vijana walisimama pembeni wakitazama mkono wa mlipaji. Sisi tunaamini kwamba dakika hiyo ndiyo iliyotengeneza mikutano yote itakayofuata. Watu huamini wanachokiona.

DALILI ZA KUTAJA ASUBUHI

Kwa kuwa wasomaji wengi wana vijana mlimani, tunaziandika dalili hizi waziwazi. Mzoefu hasalimiki kwa uzoefu wake. Ugonjwa wa mlima humkamata mgeni, mgumu na hata kiongozi.

Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu, uchovu na kukosa usingizi. Mwenye dalili hizi aseme. Asipande zaidi mpaka apate nafuu. Zikizidi, ashuke.

Dalili za hatari ni kuyumba, kuchanganyikiwa, kukosa pumzi akiwa amepumzika, na kukohoa povu au damu. Mwenye hata moja katika hizi ateremshwe upesi, iwe mchana iwe usiku, na apelekwe hospitali.

NA SISI TULIOKO KIJIJINI?

Mkutano huu si wa mlimani tu. Hebu tuutazame mfongo. Wazee wetu wa Uchaggani wamechimba na kutunza mifongo ya maji kwa vizazi vingi. Maji hutoka juu kwenye mito ya msituni, hupita mifongo, na hufika kwenye migomba na kahawa ya kila kihamba. Kilimo hiki cha vihamba kimesifiwa duniani. Mwaka 2011 vihamba vya Shimbwe Juu, huko Uru, viliingizwa na shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, katika orodha ya urithi wa kilimo wa dunia.

Siku ya kusafisha mfongo watu hukutana asubuhi na majembe yao. Tujiulize, nani huzungumza kwanza pale? Mara nyingi ni mkubwa wa mfongo, au mtu ambaye kihamba chake kiko juu karibu na banio. Yeye maji anayapata. Ataona tatizo gani? Mwenye kihamba cha mwisho, ambaye maji humfikia yakiwa kama kamba, ndiye anayejua mfongo unavuja. Basi aanze yeye. Huyu wa mwisho wa mfongo ni sawa na yule mgumu mdogo wa hema la mwisho. Anajua jambo ambalo aliye juu hawezi kulijua.

Na woga upo hata hapa. Mtu anaweza kujua nani anayefungua maji usiku si zamu yake, akanyamaza kwa sababu ni jirani au ni mkubwa. Kikundi kikubaliane kwanza kwamba anayesema hatachukiwa. Ndipo kiulize habari za maji.

UKITAKA KULISAIDIA KUNDI LAKO

Usianze na amri mpya. Kwanza simama usikilize kwa siku tatu. Hesabu dakika. Hesabu ni watu wangapi wamezungumza. Kisha zungumza na mmoja mmoja pembeni, uulize: ni jambo gani ulilijua ambalo hukulisema mkutanoni, na kwa nini?

Ukipata majibu, badili jambo moja, ulitazame siku mbili tatu, kisha badili jingine. Ukibadili yote kwa siku moja, hutajua lipi limesaidia, na watu watachoka. Haraka haraka haina baraka, na wagumu wenyewe kila siku huwaambia wageni: pole pole.

Usiwaze kwamba mkutano mzuri ni ule usio na matatizo. Mkutano ambao kila siku hauna tatizo hata moja ni mkutano wa kutiliwa shaka. Kipimo chake ni hiki: Je, leo kuna mtu aliyesema jambo gumu? Na je, amepata msaada kabla jua halijazama?

KUMBUKA

Ondoeni woga kwanza.

Kutaneni kabla ya mizigo kufungwa.

Simameni kwa duara, tena watu wachache.

Ulizeni maswali yasiyojibiwa kwa kuitikia tu.

Mdogo atangulie, mkubwa amalize.

Kila jambo lipate mtu na saa yake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika mkutano wa Karanga watu watatu walijua habari za mgonjwa. Kwa nini hawakusema? Kama ungekuwa mwenzake wa hema, ungefanya nini?

2. Kijana alituuliza, "Ninyi mngefanyaje?" Ninyi mnamjibu nini?

3. Katika kikundi chenu, mtu akisema ukweli hupata faida au hasara? Tajeni mfano.

4. Katika mfongo wenu au kazi yenu, nani yuko mwisho wa maji? Mara ya mwisho kumsikiliza yeye kwanza ilikuwa lini?